Blanketi la Daraja la Pili

Kwenye usaili walikikunja cheti changu
kama risiti ya sokoni.
"Ustawi wa jamii. Sasa hapa kwetu utastawisha nini?"
Nikawajibu: mashine zenu zina fundi;
huyu anayezisimamia saa kumi na mbili,
fundi wake nani?
Bwana Urio akacheka. Nikaanza Jumatatu.

Mwaka wa sita huu, kiwanda cha mablanketi, Unga Limited.
Mlangoni pangu pameandikwa Rasilimali Watu.
Rasilimali: kama mbao, kama maji, kama makaa.
Neno la pili nimelishikilia kwa kucha.

Chuoni tulifundishwa kuanza pale mtu alipo.
Hapa tunaanza na faili.
Chuoni tulisema mteja; hapa nasema namba mia tatu na nne,
na nikijisahau nikasema mteja kikaoni,
watu wa mauzo hudhani nimeleta oda.

Ikaja Julai, ile baridi ya Arusha
inayopita chini ya mlango bila hodi.
Meru umejifunika gubigubi tangu Jumapili.
Faili likatua mezani:
Aikaruwa Mlay, mpiga pindo, miaka kumi na mmoja kazini.
Kosa: blanketi moja, kahawia, daraja la pili,
kasoro ya ufumaji kwenye kona.
Kamera ya stoo imemwona akiliviringisha ndani ya kanga.
Barua ya kumwachisha imeshachapwa.
Kinachosubiriwa ni saini.

Mafunzo hayafutiki, ni kama lafudhi.
Nikavaa sweta, nikaenda kwake Ngarenaro, jioni, bila kibali,
na njiani nilikuwa nimekwisha kumtungia masaibu:
mama mgonjwa kitandani, kichanga kinachokohoa,
mume aliyekunywa kodi ya nyumba.

Nikakuta ugali umeiva.
Binti anafanya hesabu za sehemu,
mume amefungua redio, skrubu zake kwenye sahani,
na mablanketi manne kitandani, yamenunuliwa.
Risiti anazo. Akanionyesha moja moja, kwa hasira.
"Basi lile liko wapi?"
Akanitazama kama mtu anavyotazama saa iliyosimama.
"Umelipita getini."

Nikarudi usiku ule ule.
Mzee Lomayani akainuka kunipigia saluti
na blanketi likamporomoka mabegani:
kahawia, kona moja nyuzi zimeachana.
Akainama. Nikawahi kuliokota mimi.
"Mama, yale makoti si mlisema Aprili?"

Aprili.

Nikapanda ngazi bila kuwasha taa.
Chini ya kioo cha meza yangu,
kati ya kalenda na picha ya mahafali
(nimevaa joho, nimetabasamu kwa ajili ya wanyonge wote),
lilikuwepo ombi la makoti sita ya walinzi,
muhuri wa kupokelewa, tarehe tisa,
na mstari mweupe wa kuidhinisha.
Chini ya mstari, jina langu.

Miaka mitatu nilisomeshwa kutafuta kidonda.
Sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani
kisu nimekiweka wapi.

Asubuhi Bwana Urio alisema wizi ni wizi.
Nikasema ndiyo.
Nikamwekea karatasi mbili, moja juu ya nyingine,
nikamwomba aanze na ya chini.
Akavaa miwani. Akasoma. Akaivua,
akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

Aikaruwa alipewa onyo la maandishi;
nililiandika mimi, na hanisalimii hadi leo.
Makoti yalifika Septemba, baridi imekwisha.
Mzee Lomayani hulivaa lake hata juani,
vifungo vyote hadi kidevuni,
jasho linamtiririka,
na kila nikipita getini
husimama wima, makusudi,
ili nilione.